Mvumo, Mkatiko na Moto: Kutafuta Kosa la Pawasaplai Kwenye Amplifaya Ndogo

Amplifaya ndogo ikianza ukorofi, IC, yaani ile chipu inayokuza sauti, ndiyo hulaumiwa kwanza. Inang'olewa, inawekwa mpya, na mvumo uko palepale. Kwa saketi za LM386, PAM8403, TDA2030, TDA7297 na jamaa zake, anza na pawasaplai, yaani sehemu inayoilisha saketi umeme. Tena usiipime ikiwa imekaa bure. Adapta iliyochoka, isipokuwa na mzigo, itakuonyesha volti 12 zilizonyooka kama imetoka dukani leo. Pima muziki ukilia, volumu ikiwa pale ambapo kosa hujitokeza, ncha za mita zikigusa miguu ya IC yenyewe na si plagi ya adapta. Kipimo hicho kimoja huokoa saa nzima ya kubahatisha.

Mita ya bei ya chini inatosha kwa kazi hii. Ongeza balbu mbili za bodaboda: ya breki, volti 12 wati 21, ambayo hula ampea 1.75, na ya indiketa, wati 10, ambayo hula takriban ampea 0.8. Huo ni mzigo wa majaribio rahisi kuliko wowote unaopatikana Tanga, na adapta iliyoandikwa "12V 2A" inapaswa kuubeba ule mkubwa bila kushuka chini ya volti 11.5. Ila kumbuka kuwa balbu baridi huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida kwa kitambo kidogo, hivyo adapta nzuri inaweza kujizima na kujaribu tena. Washa ya indiketa kwanza; adapta ikiishika, iondoe uwashe ya breki, maana zote mbili kwa pamoja hula zaidi ya ampea 2.

Kabla ya kulaumu: saketi yako inataka nini?

Volti kwanza, maana ndizo zinazoua. LM386 za kawaida, N-1 na N-3, ni za volti 4 hadi 12. N-4 ndiyo inayofika 18. PAM8403 ni ya volti 2.5 hadi 5.5, na ukiiwekea 12 hata kwa bahati mbaya imekwisha. TDA2822M inakubali 1.8 hadi 15. TDA7297 ni 6.5 hadi 18. TDA2030 isiyo na herufi A mwishoni haivuki volti 36 kwa jumla, yaani 18 chanya na 18 hasi. TPA3116 hufika 26.

Sasa linganisha na vyanzo tulivyonavyo. Betri ya gari au pikipiki ikiwa inachajiwa hufika volti 14.4, kwa hiyo LM386N-1 uliyoifunga moja kwa moja kwenye bajaji inafanya kazi nje ya kiwango chake hata kama haijaungua bado. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 hutoa 21 hadi 22 ikiwa haina mzigo, na hiyo inatosha kuua TDA7297 asubuhi moja ya jua kali. Paneli ipitie kwenye chaja kontrola na betri, usiiunge na amplifaya hata kwa dakika moja ya "kujaribu tu". Adapta nzito za zamani zenye transfoma ndani zina hila yao: iliyoandikwa volti 9 hutoa 12 mpaka 14 ikiwa haina kazi, kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya wakati wa mzigo kamili.

Ampea zinatokana na spika. IC zenye kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) kubwa kwenye njia ya spika, mfano LM386, hutoa wati zinazokaribia hesabu hii: toa 2 kwenye volti, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa mara nane ya omu za spika. Volti 9 na spika ya omu 8 ni 49 kugawa kwa 64, yaani robo tatu ya wati. IC zinazoshika spika pande zote mbili bila kapasita, mfano TDA7297, toa 3, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa mara mbili ya omu. Volti 12 na omu 8 ni 81 kugawa kwa 16, kama wati 5 kila upande. Kile kibandiko cha "100W" kilichoko kwenye bodi hakiingii katika hesabu yoyote. TDA7297 hiyo, chaneli zote mbili zikiwa mwisho, inakula karibu ampea 1.5, kwa hiyo adapta ya kweli ya ampea 2 inaitosha. Ya ampea 1 itacheza taarabu ya taratibu vizuri tu, halafu itaaibika kwenye singeli.

Kimya kabisa

Hapa hakuna mengi. Angalia kwanza kama adapta ni ya DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri. Zipo zinazotoa AC, umeme unaogeuka-geuka kama wa ukutani, na mita ikiwa kwenye DC itasoma sifuri. Ukihamia AC, jua kwamba mita nyingi za bei ya chini hudanganyika: DC ya volti 12 huisoma kama 25 hivi kwenye AC, na ukigeuza ncha inasoma sifuri. Adapta ya AC ya kweli haibadiliki ukigeuza ncha.

Angalia pia katikati ya plagi ni chanya au hasi. Adapta za ving'amuzi na ruta karibu zote zina chanya katikati. Zile za pedali za gitaa za volti 9 kwa kawaida zina hasi katikati, na zimeua bodi nyingi ndogo. Halafu kuna plagi yenye tundu la milimita 2.5 iliyochomekwa kwenye jeki yenye sindano ya 2.1. Inaingia, inacheza, inagusa inapotaka. Ukitikisa waya sauti ikarudi, hapo ndipo pa kutafuta, pamoja na kutu. Karibu na bahari chumvi hula jeki za bei ya chini mapema sana, na mguso wenye omu 0.2 tu hupoteza volti 0.4 mkondo ukiwa ampea 2. Jeki ya hivyo usiisugue. Badilisha, au ondoa kabisa ulehemu waya moja kwa moja.

Mvumo

Huu ndio ugonjwa mkuu, na una vyanzo vitatu vinavyofanana masikioni. Usibadilishe kitu kabla ya kufuata mpangilio huu:

1. Teremsha volumu hadi sifuri. Mvumo ukipotea, pawasaplai haina hatia. Kosa liko kwenye waya wa kuingiza sauti, au kwenye chombo kinacholeta sauti.
2. Ukibaki, chomoa waya wa kuingiza sauti na uunganishe ingizo na graundi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme) kwa kipande kifupi pale pale kwenye bodi. Ukinyamaza sasa, graundi ya volumu au waya wake ndiyo mbaya.
3. Ukibaki hata hivyo, ondoa pawasaplai, weka betri ya bodaboda yenye fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, mradi IC inakubali volti zake. Kukiwa kimya kwa betri, umempata mkosaji. Kukiendelea kuvuma kwa betri, acha kununua adapta.

Sauti ya mvumo nayo inasema kitu. Umeme wetu ni herzi 50. Bridji ya dayodi nne hugeuza pande zote mbili za wimbi, hivyo masalia yake ni herzi 100, ambayo inakaribiana sana na uzi mwembamba wa gitaa la besi ukiachwa wazi, ule wa G, ambao ni herzi 98. Mvumo ukilingana na uzi huo, tafuta kapasita au regyuleta, kile kifaa kinachoshikilia volti zisiyumbe. Ukiwa oktavu moja chini, ni herzi 50: ama waya wa kuingiza unapokea umeme wa nyumba, ama transfoma imekaa karibu mno na saketi, ama dayodi moja kati ya nne imekufa na bridji inafanya kazi nusu. Hilo la mwisho husahaulika sana. Zima, acha kapasita iishe chaji, pima dayodi moja moja: nzuri husoma kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili.

Masalia yenyewe, tuviite viwimbi, yana hesabu nyepesi: ampea mara 10,000 kugawa kwa mikrofaradi (µF) za kapasita, jibu ni volti kutoka bonde hadi kilele. Ampea 1 na kapasita ya 2200 µF ni volti 4.5 za viwimbi. Kwa 4700 µF ni 2.1. Kwa 1000 µF, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye sabufa nyingi za bei ndogo, ni volti 10, yaani hapo hakuna DC ya maana. Dayodi moja ikifa, zidisha jibu mara mbili.

Kuvipima, weka mita kwenye AC na kapasita ya 1 µF isiyo na upande mfululizo na ncha moja ili DC isipenye. Mita ndogo huanzia AC volti 200 na haioni chini ya 0.1, hivyo viwimbi vidogo utavisikiliza: kapasita ya 100 nF na resista ya kilo-omu 10 mfululizo, upande mmoja ukigusa chanya ya saketi, upande wa pili ukiingia kwenye ingizo la amplifaya nyingine inayotumia betri, graundi zikiwa zimeungwa. Fanya hivi upande wa volti ndogo tu. Usithubutu upande wa umeme wa ukutani. Ndani ya adapta ya swichingi, zile nyepesi za kisasa, kapasita ile kubwa hubeba volti 325 za DC.

Kapasita ya zamani hukauka, na joto la pwani linaiharakisha. Kukagua, zima, unga nyingine nzima yenye volti sawa au zaidi sambamba nayo, chanya kwa chanya, kisha washa. Mvumo ukipungua sana, ng'oa ya zamani. Unaponunua chagua iliyoandikwa 105°C, si 85°C, na volti zake ziwe angalau moja na nusu ya zile utakazopima bila mzigo.

Sasa lile jambo ambalo kapasita hata ndoo nzima haitaliponya: njia ya graundi. Waya mwembamba wa milimita 0.2 za mraba una kama omu 0.0086 kwa kila sentimita 10. Mkondo wa spika wa ampea 1 ukipita humo unaacha milivolti 8.6. Ikiwa graundi ya ingizo imeungwa upande wa pili wa kipande hicho, IC inazikuza milivolti hizo pamoja na muziki. TDA2030 iliyofungwa kwa ukuzaji wa mara 32 inazifanya karibu volti 0.28 kwenye spika, na hiyo unaisikia ukiwa chumba cha pili. Kati ya transfoma na kapasita hali ni mbaya zaidi, maana kapasita hujazwa kwa mishindo mifupi ya ampea nyingi. Kwa hiyo transfoma, bridji na kapasita ya kwanza viungane vyenyewe kwa waya mfupi mnene. Kutoka mguu hasi wa kapasita hiyo, toa nukta moja, na kila kitu kirudi hapo kwa waya wake: spika na waya wake, IC na wake, ingizo na wake. Usiunge graundi ya spika kwenye ganda la jeki ya kuingiza sauti eti kwa sababu iko karibu.

Na transfoma yenyewe izungushe nyuzi 90 kabla hujaifunga. Mara nyingi kuizungusha na kuisogeza sentimita 10 kunashinda ngao yoyote ya bati.

Mchana safi, usiku inavuma

Kosa hili huwachosha watu kwa sababu mezani kwa fundi Ngamiani saa nne asubuhi halipo, na nyumbani kwa mteja saa mbili usiku lipo. Si majini. Nyumba iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu akiwasha pasi na jokofu, inaweza kupata volti 190 badala ya 230. Angalia kinachotokea kwenye pawasaplai ya kawaida ya transfoma ya volti 12 na regyuleta 7812.

Volti 12 za AC zina kilele cha 17. Dayodi mbili hula 1.4, zinabaki 15.6. Kwa ampea 1 na 2200 µF viwimbi vinashuka hadi 11. Lakini 7812 inahitaji angalau volti 14 na nusu mlangoni ili itoe 12 iliyonyooka. Kwa hiyo saketi hiyo ilikuwa na kosa tangu mchana. Mchana volumu ilikuwa ndogo tu na mkondo mdogo. Ikifika 190, kilele ni 14, baada ya dayodi ni 12.6, na regyuleta imeachia hata kabla ya viwimbi. Viwimbi vyote vinapita kama vilivyo mpaka kwenye spika.

Dawa ni transfoma ya volti 15 na kapasita ya 4700 µF. Kwa 190 kilele ni 17.5, baada ya dayodi 16.1, toa viwimbi 2.1, zinabaki 14. Kwa ampea 1 nzima bado inapungukiwa nusu volti, lakini kwa mkondo wa nusu ampea ina nafasi ya kutosha. Transfoma iwe ya VA 30 (volti mara ampea), maana ampea 1 ya DC huvuta kama 1.8 za AC kwenye waya wake. Upande wa pili wa hesabu ni usiku wa manane, umeme ukipanda hadi 250 na mzigo haupo: hapo kapasita inaweza kuona volti 26, kwa hiyo ya volti 25 haifai, weka ya 35. Fyuzi upande wa ukutani iwe ya milliampea 315, aina isiyokatika haraka.

Njia nyingine ni kuachana na transfoma na kuweka adapta ya swichingi. Nyingi zimeandikwa "100-240V", na zikiwa za kweli hazijali 190. Kwa amplifaya ya nyumba iliyo mwisho wa laini, tungeanza na hiyo, tuihifadhi transfoma kwa saketi za maikrofoni na redio, ambako kelele za juu za swichingi husumbua.

Besi ikipiga, sauti inakatika

Mara nyingi husikika pamoja na ile sauti ya bodi ya bluetooth ikijitangaza upya, maana volti zimeshuka mpaka ikazimika. Pima DC kwenye miguu ya IC besi ikipiga. Ukiona 12 inaanguka hadi 8, hamia kwenye plagi ya adapta. Ikiwa hapo pia ni 8, adapta ni ndogo au ni ya uongo. Iweke kwenye balbu ya breki uone. Ikiwa kwenye plagi ni 11.8 na kwenye IC ni 9, waya au swichi inakula.

PAM8403 zinazolishwa kwa waya wa chaja ya simu ni mfano mzuri. Waya mwembamba wa mita moja, kwenda na kurudi, unaweza kuwa na omu 0.4. Chaneli mbili zikidai ampea 1.4, zaidi ya nusu volti inapotea njiani na 5 inakuwa 4.4. Kata waya uwe sentimita 20, au tumia waya mnene, kisha lehemu kapasita ya 1000 µF kwenye nukta za kuingiza umeme za bodi.

Lakini kapasita si dawa ya adapta ndogo. 1000 µF ikitoa ampea 1 hushuka volti moja kwa kila milisekunde, na nusu wimbi la besi ya herzi 50 ni milisekunde 10. Haifiki mbali. Ukijibu kwa kuweka 10,000 µF, adapta nyingi za swichingi zitaiona kama shoti wakati wa kuwasha na zitabaki zinapepesa taa bila kuwaka.

Panapofaa kapasita kweli ni kuilinda bluetooth. Kutoka chanya ya volti 12 pitisha dayodi 1N4007, kisha kapasita ya 1000 µF kwenda graundi, kisha regyuleta 7805, kisha bodi ya bluetooth. Dayodi inaizuia amplifaya kunyonya akiba hiyo. Bodi ikila milliampea 100, kapasita inashuka volti moja kwa kila milisekunde 10, na 7805 inaendelea mpaka mlangoni zibaki kama 7, hivyo una zaidi ya milisekunde 40 za usalama. Inatosha kuvuka pigo la besi.

Ikiwa bluetooth haizimiki lakini inatoa "trrr" na "tiki-tiki" wakati muziki umesimama, hiyo ni graundi ya pamoja inayopitisha kelele zake za kidijitali hadi kwenye ingizo. Kamoduli kadogo ka B0505S-1W, kanakopokea volti 5 na kutoa 5 zilizotenganishwa, hulimaliza. Kanatoa milliampea 200, zaidi ya mahitaji ya bodi. Sharti ni moja: graundi ya bluetooth isiguse ya amplifaya mahali pengine popote isipokuwa kwenye waya wa sauti. Ukiiunga pia kwenye skrubu ya boksi, umetupa fedha.

Put-put-put

Spika ikitoa mlio kama mashine ya boti inayorejea Sahare alfajiri, bila muziki wowote, IC inazungumza na yenyewe kupitia waya wa umeme. Kila ikivuta mkondo, volti zinashuka, hatua ya mwanzo inaliona hilo kama sauti na kulikuza. Sababu ya kwanza ni betri iliyochoka; zile za mraba za volti 9 za zinki zina ukinzani mkubwa ndani, na LM386 huanza put-put wakati mita bado inasoma 8. Sababu ya pili ni kukosekana kwa kapasita karibu na IC. Weka 470 µF na 100 nF kati ya mguu wa 6 na wa 4, umbali usizidi sentimita 2. Weka 10 µF kutoka mguu wa 7 hadi graundi. Ikiwa kuna hatua ya maikrofoni kabla yake, ilishe kupitia resista ya omu 100 na kapasita ya 220 µF ya peke yake. Na ile 10 µF kati ya mguu wa 1 na wa 8, inayopandisha ukuzaji kutoka 20 hadi 200, iondoe kama chanzo chako ni simu. Simu haihitaji ukuzaji huo, unakaribisha balaa tu.

Pia hakikisha omu 10 na 47 nF mfululizo zipo kutoka kwenye tokeo hadi graundi. Zikikosekana IC inaweza kupiga mluzi usiosikika na kupata moto bila sababu ya kuonekana.

Mluzi

Mluzi unaopanda na kushuka na injini ya bajaji unatoka kwenye chaji ya betri. Chukua chanya na hasi moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, si kwenye waya wa taa, na usitumie bodi ya chuma ya chombo kama graundi ya pili. Mluzi unaotokea pale tu simu inapochajiwa huku imeungwa na amplifaya ni mzunguko wa graundi kupitia chaja: chaji simu kwa pawabenki, au weka kitransfoma cha sauti cha 1:1 kwenye waya wa sauti. Kwenye sola, mara nyingi ni kontrola. Zima paneli kwa muda ulinganishe.

Inachoma vidole

Joto la regyuleta ni volti inazozishusha mara ampea. Kutoka 20 hadi 12 kwa ampea 1 ni wati 8. 7812 isiyo na hitisinki (bati la kupoza) haimudu hata wati 1.5 ndani ya boksi kwenye joto letu, na ikizidiwa hujizima yenyewe, ikapoa, ikarudi. Muziki unakatika kwa vipindi vya sekunde kadhaa na watu wanadhani ni bluetooth.

Kwa TDA2030 ya umeme wa pande mbili, chukua transfoma ya 12-0-12, inayotoa kama volti 16 hadi 17 kila upande. Ya 15-0-15 hutoa takriban 20 na imeshavuka 18 za IC hiyo. Bati la nyuma la TDA2030 limeungwa na hasi, si graundi, kwa hiyo hitisinki ikigusa boksi bila maika (karatasi ya kuzuia umeme) ni shoti. Mtego kama huo uko kwenye regyuleta hasi: 7815 inaingia mguu wa 1, graundi 2, inatoka 3, 7915 graundi ni 1, inaingia 2, inatoka 3, na bati lake ni ingizo hasi. Ukizifunga 7815 na 7915 kwenye hitisinki moja, ya pili lazima iwe na maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Pima kwa mita kati ya bati na hitisinki kabla ya kuwasha.

PAM8403 na TDA7297 zikipata moto ghafla baada ya kufungwa kwenye boksi, angalia kama waya hasi wa spika umegusa chuma au umeungwa na hasi ya chaneli nyingine. Kwenye IC hizi hakuna upande wa spika ulio graundi.

Boksi linatekenya

Ukigusa jeki ya chuma ukahisi mtekenyo, na adapta ni ya swichingi yenye pini mbili, ni kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa volti ndogo kwa ajili ya kupunguza kelele. Mita itasoma kama volti 100 kati ya boksi na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), lakini mkondo ni mdogo sana. Kwa maikrofoni inayoshikwa mkononi, hasa kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, bado haifai: tumia adapta ya pini tatu ambayo hasi yake imeungwa na ethi, na soketi iwe na ethi ya kweli. Ikiwa ni transfoma, hali ni tofauti. Chomoa, weka mita kwenye omu za juu kabisa, pima kati ya waya wa ukutani na waya wa volti ndogo, kisha kati ya waya wa ukutani na chuma cha transfoma. Mita ikionyesha kipimo chochote badala ya wazi kabisa, transfoma hiyo imeloa au imeungua ndani. Kata waya wake wa ukutani kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota na kuitumia.